Mbinu Hufa kwa Kutumiwa

"Inua mfuniko kidogo, Mzee Mbwambo. Hapo ulipouweka unalinda tumbo, na zimwi halina haja na tumbo lako."

Mzee Mbwambo akainua mfuniko wa sufuria mpaka ukamfika kidevuni. Mkono wa pili alishika mpini wa fagio. Alikuwa na miaka sitini na minane, mguu wa kulia umefungwa kitambaa kwa sababu ya kidonda ambacho joto la tambarare halikukiacha kipone, na tangu azaliwe hakuwahi kucheza mchezo wowote isipokuwa bao, na hilo bao lenyewe alikuwa akifungwa.

"Na likinijia kwa nyuma, mwalimu?"

"Likikujia kwa nyuma, kosa ulishalifanya mbele," akasema Sefue.

Wanafunzi wenzake wakacheka. Walikuwa wanne pamoja naye, wenzake wamekaa juu ya magunia matupu ndani ya ghala la zamani la mkonge pale Makanya, na ingawa ilikuwa saa nne tu ya asubuhi, bati la paa lilikwisha kuanza kulia kwa joto, ta, ta, ta, kama mahindi kikaangoni. Sefue Mgonja alikuwa amesimama mbele yao na kipande cha chaki. Ukutani alikuwa amechora mtu, na kando ya mtu amechora dude lenye mgongo wa magamba na miguu minne minene kama vinu. Hilo ndilo Zimwi la Daraja.

"Nasema tena, kwa aliyechelewa," akaendelea, na macho yake yakamtulia Kiangi, fundi baiskeli, ambaye kila siku alikuwa na sababu mpya. "Mgeni akiingia Ngome ya Ukungu anapewa nukta kumi za kugawa. Msizitie kwenye mkono. Kila mgeni anataka mkono mzito, apige kitu kianguke. Tieni saba kwenye uhai, tatu kwenye pumzi. Nguvu ya mkono utaiokota njiani. Ukishakufa huokoti kitu."

Navoneiwa, aliyekuwa nesi katika zahanati kabla dawa hazijaisha, akaandika. Yeye aliandika kila kitu.

"Halafu ule mstari wa kijani chini ya jicho la kushoto, hiyo ndiyo pumzi yenu. Ukipiga, unapungua. Ukikwepa, unapungua. Kwa hiyo piga mara mbili, rudi nyuma, ngoja ujae. Pigo la tatu ni la tamaa, na tamaa ndiyo inayoua wageni kuliko meno ya zimwi."

"Hayo hata mke wangu huniambia nikifikia kijiko cha tatu cha sukari," akasema Kiangi.

"Mkeo angekuwa mwalimu mzuri. Angewahi pia." Wakacheka tena. "Kibuyu cha dawa msikinywe wakati zimwi linawatazama. Mtu hanywi dawa huku anapigwa. Tafuta nguzo, simama nyuma yake, ndipo unywe. Na mkikutana na watu wa humo ndani, wachunga mbuzi, wauza mishale, semeni na kila mmoja mara mbili. Mara ya kwanza anakusalimu tu. Mara ya pili ndipo anakwambia neno."

"Kama Wapare," akasema Mama Elinami kwa sauti ndogo. Huyo alikuwa amekaa mwisho kabisa, karibu na mlango, na mtoto wake wa miaka sita amelala mapajani. Kifua cha mtoto kilikuwa kikipiga filimbi kila alipovuta hewa.

Hakuna aliyekuwa pale kwa kupenda mchezo. Juu, kwenye vijiji vya mlimani, ukungu ulikuwa bado unashuka kila alfajiri na nyavu zikaukamua maji, hospitali ilikuwa na umeme, na mtu aliweza kulala akajifunika. Chini, tambarare ilikuwa inakufa kidogo kidogo. Juu hapakuwa na nafasi ya watu wote. Miaka ya kwanza vibali vilitolewa na wakubwa, na kila mkubwa akampandisha shemeji yake, mpaka watu wakachoma ofisi. Ndipo ikaletwa mashine isiyojua shemeji wa mtu. Unavaa kofia ya nyaya, unakaa kitini, unaingia Ngome ya Ukungu, unatembea kutoka lango hadi daraja, na ukilishinda zimwi la hapo, unapanda na watoto wako wadogo. Mume hahesabiwi, wala mke. Kila mtu ana nafasi tatu katika maisha yake. Sefue alizimaliza zake akiwa na miaka ishirini na miwili, kwa haraka za ujana.

Tena, ili watu wasipite kwa kukariri, walioitengeneza mashine waliipa akili ya kujifunza. Njia moja ikishapitisha watu watatu, zimwi linaijua, na kuanzia wa nne linaiziba. Njia zilizozibwa hazitangazwi. Anayeshindwa hudhani mkono wake ndio uliochelewa.

"Haya, darajani," akasema Mzee Mbwambo. Jasho lilikuwa likimchuruzika hadi kwenye mfuniko. "Nikifika hapo nafanya nini? Binti yangu alipita mwaka wa kumi na moja huu. Nataka nimwone kabla mguu haujanimaliza, na nafasi niliyobakiwa nayo ni hii ya Alhamisi."

Sefue akageukia ukuta. Akachora mshale.

"Unazunguka kulia," akasema. "Polepole, ngao juu. Kulia, kulia, mpaka limechoka kugeuka, halafu unapiga ubavu."

Aliposema hayo, Nakunda mkewe alikuwa amesimama mlangoni na sufuria ya makande ya wanafunzi kichwani, miguu imevimba hata kandambili zimekatwa kwa pembeni. Alisikia. Akaitua sufuria chini taratibu, akawapakulia mmoja mmoja, akampa Mzee Mbwambo maharage mengi zaidi, na hakusema neno.

*

Alilisema alasiri, jikoni kwao, akiwa ameketi kwenye kigoda na miguu ndani ya karai la maji ya majivu.

"Kulia pamezibwa tangu mwaka juzi. Uliniambia wewe mwenyewe, hapa hapa. Uliniambia, Nakunda, usithubutu kwenda kulia."

Sefue alikuwa akichambua mchicha mkavu. Akaendelea kuchambua.

"Nilikwambia."

"Na yule mzee?"

"Sikiliza, mama. Nimekaa miezi minane nikitazama kumbukumbu za walioshindwa. Mia mbili na kumi na moja. Nimetazama mpaka macho yakatoa maji. Nimepata njia moja, moja tu, ambayo hakuna mtu aliyeipita. Inapitisha watatu. Nikiitamka pale ghalani leo, kesho iko sokoni, kabla ya Alhamisi imeshazibwa. Upite kwanza wewe. Hizo mbili zitakazobaki nitawapa wao."

"Utawapa nani?"

"Nitachagua."

Nakunda akatoa mguu mmoja majini, akautazama, akaurudisha. Figo zake zilikuwa zimeharibiwa na maji ya visima vya chumvi. Mganga alikuwa amesema mashine ya kusafisha damu iko Juu, na kwamba bila hiyo hatafika masika. Nafasi mbili alikwisha kuzipoteza zamani, kabla hajaolewa.

Njia yenyewe Nakunda alikuwa amefundishwa uani, Sefue akiwa zimwi, kwa mikono na magoti, na kuku wakishangaa. Zimwi la Daraja likinguruma, kila mtu hujificha nyuma ya ngao. Wewe utupe ngao. Uvue deraya lote, lile vazi la chuma, ubaki mwepesi. Ngurumo ikikatika, hesabu moja, mbili, na kwenye mbili ukimbie kulielekea, upite chini ya tumbo. Wakati huo linainua mguu wa nyuma wa kushoto ili likanyage, na gamba la kisigino linafunguka kwa kiasi cha kupepesa jicho. Choma hapo. Ukienda kwenye moja, meno yanakudaka. Ukienda kwenye tatu, umekanyagwa.

"Babu yangu alikuwa akigawa maji ya ndiva," akasema Nakunda. "Bwawa likijaa, alikuwa anaanzia shamba la mkiani kabisa, kule ambako mfereji unafika umechoka. Watu wa juu walimtukana. Akawaambia, ninyi maji mtayaona yakipita. Yule asipopewa kwanza hatayaona kabisa."

"Haya si maji."

"Nimekuelewa. Mbinu ni yako, uliitafuta wewe. Mimi sitamwambia mtu." Akajifuta miguu kwa kanga. "Ila nimepita ofisini kubadili namba. Nilikuwa wa kwanza Alhamisi. Sasa ni wa tano, nyuma ya wanafunzi wako wote."

Sefue akaacha mchicha.

"Kwa nini unanifanyia hivi?"

"Sijakufanyia kitu. Nimehama foleni tu."

*

Ukumbi wa mashine ulikuwa na kiti kimoja, benchi moja, na ukuta mweupe uliomwonyesha mchezaji kwa mbali, mdogo kama siafu, bila sauti. Ngurumo alizisikia aliyevaa kofia peke yake. Karani alikuwa kijana mpole mwenye feni ya betri shingoni, aliyesoma majina kana kwamba anaogopa kuyaumiza.

Mzee Mbwambo akaenda wa kwanza. Kwa muda wa saa nzima alifanya kila alichofundishwa. Aligawa nukta saba kwa tatu. Alisema na mchunga mbuzi mara mbili. Alipiga mawili akarudi, mawili akarudi, na alipokunywa dawa alijibanza nyuma ya nguzo kama mwanafunzi anayetaka kusifiwa. Watu wa benchi wakatazamana kwa furaha. Alipofika darajani akainua ngao hadi kidevuni, akaanza kuzunguka kulia.

Zimwi halikugeuka naye. Lilimngoja upande wa pili, mdomo wazi.

Alipovuliwa kofia, alikuwa bado anatabasamu, hajaelewa. Kisha akaelewa. Akamtafuta Sefue kwa macho.

"Nilichelewa kidogo kuzunguka, sivyo, mwalimu?"

Sefue akamfungua mkanda wa kiti.

"Uzee," Mzee Mbwambo akasema, akijisemesha mwenyewe. "Ungenifundisha nikiwa kijana ningeweza." Akaokota fimbo yake, akawatakia wenzake heri, kila mmoja kwa jina lake, akatoka.

Karani akasoma jina la Kiangi. Kiangi akasimama, mzaha wote umemtoka. Sefue akamfuata hadi kitini, akainama kama anayemfunga mkanda, akamwambia sikioni: ngao tupa, deraya vua, hesabu mbili, kisigino cha kushoto. Alisema upesi, kama anayetema kitu cha moto. Kiangi akamtazama.

"Na kule kulia?"

"Achana na kulia."

Kiangi akapita. Watu walipiga kelele, karani akawaomba wanyamaze. Akafuata Navoneiwa, naye akaambiwa, naye akauliza swali la kinesi, kisigino kwa nje au kwa ndani, na akapita kwa usafi kuliko Kiangi.

Mbili zimekwenda. Imebaki moja.

Mama Elinami akainuka benchini. Akamlaza mtoto mapajani mwa Nakunda, na Nakunda akampokea, akamweka kichwa chake vizuri kwenye kiwiko. Mama huyu hakungoja kunong'onezwa. Alikuja mpaka mbele ya Sefue akasimama, mwembamba, na mkono mmoja umeshika mwingine.

"Mwalimu, nimewatazama ukutani. Wametupa ngao, wamevua, wamekimbia chini yake. Hilo nimeliona. Lakini kuna mahali wanangoja kabla ya kukimbia, na hapo sijui wanangoja nini. Kuna kuhesabu?"

"Kuna."

"Ngapi?"

Sefue akamtazama mkewe. Nakunda alikuwa ameinamia mtoto wa watu, anampepea kwa ncha ya kanga, na kile kifua kidogo kilikuwa kikipiga filimbi yake. Vidole vya Nakunda vilikuwa vimevimba hata pete ilikuwa imezama. Sefue aliiona ile pete. Aliona na kigoda, na karai, na masika yanakuja nyumba ikiwa na mtu mmoja. Kwa upande wa pili wa mizani palikuwa na neno dogo tu, tena namba, kitu ambacho mtu yeyote anaweza kukosea.

"Tatu," akasema. "Ngurumo ikikatika, hesabu tatu, ukimbie."

"Tatu. Ahsante, baba."

Akaenda kitini. Karani akaanza kumvalisha kofia, akimwondolea nywele masikioni.

"Mama Elinami." Nakunda hakuinua sauti. Hakuinua hata kichwa. "Mbili. Hesabu mbili."

Mama Elinami akageuka pale kitini, akamtazama Nakunda, kisha akamtazama mwalimu, kwa muda mrefu kuliko mtu anavyoweza kuvumilia kutazamwa. Akaurudisha uso wake mbele, akajifunga mkanda mwenyewe.

"Mbili," akamwambia karani, kana kwamba karani naye anahusika.

Akapita.

Alipotoka kitini alikuja moja kwa moja benchini, akamchukua mwanawe, akashika mkono wa Nakunda kwa mikono yake yote miwili. Walisema kitu kwa Kipare ambacho Sefue, akiwa hatua nne tu, hakusogea kukisikia. Alipompita kwenda mlangoni, alimwamkia kama mtu anavyomwamkia mzee wa njiani asiyemjua.

*

"Nakunda Mgonja," karani akasoma.

Sefue akataka kumshika mkono kumpeleka. Nakunda akatembea mwenyewe.

Alijua ile njia imezibwa. Hata hivyo alipofika darajani alijaribu, maana nani asingejaribu. Akavua deraya, akatupa ngao, na huko aliko akasikia ngurumo ikikatika, akahesabu. Sefue, akitazama ukutani, akamwona yule siafu mdogo akipiga mbio. Zimwi halikuinua mguu. Lilikaa tu juu ya kisigino chake, kama mama mwenye nyumba anayekalia ufunguo, kisha likamtupa kwa mkia hadi kwenye nguzo.

Hakufa. Alikuwa ametia nukta saba kwenye uhai. Akanywa dawa nyuma ya nguzo, akarudi, na sasa akapigana kama mgeni wa siku ya kwanza: mawili, rudi. Mawili, rudi. Dakika kumi. Dakika ishirini. Mstari mwekundu wa uhai wa zimwi ukashuka hadi nusu, ukashuka chini ya nusu, na karani mwenyewe akazima feni yake ili asikie, ingawa hapakuwa na cha kusikia. Sefue alikuwa akisema peke yake, midomo tu, rudi, rudi, ngoja ujae. Hakuna aliyewahi kufika pale kwa upanga mtupu.

Dakika ya thelathini na moja mkono wa Nakunda ukakakamaa. Si wa mchezoni, ni huu wa kitini: vidole vilijikunja ndani ya glavu vikakataa kukunjuka, kama vilivyomfanyia kila siku tangu ugonjwa uingie kwenye damu. Ukutani yule siafu akasimama tu, upanga umeshuka. Zimwi lilimjia bila haraka.

Sefue akamvua glavu, akamkanda vidole kimoja kimoja mpaka vikanyooka. Nakunda alimwachia akande. Karani akasema pole, akasema yeye binafsi hajawahi kuona mchezo kama ule, halafu akajiona amesema kisichosaidia, akaondoka kwenda kufunga madirisha.

Nje, gari la Juu lilikwisha kuondoka na watatu wale. Vumbi lake lilikuwa bado halijatua. Jua la saa nane lilikuwa limesimama juu ya barabara, na hao wawili wakatembea kwenye kivuli chembamba cha ukuta wa ghala, Nakunda mbele, mumewe nyuma, kwa sababu kivuli hakikutosha watu kutembea bega kwa bega. Kila hatua ishirini Nakunda alisimama kupumzika, na Sefue naye akasimama.

"Nilitaka ubaki hai," akasema kwenye pumziko la tatu.

"Najua ulichotaka."

"Hukupaswa kusema."

"Na wewe hukupaswa kutaka nipande huku nimembeba yule mtoto mgongoni maisha yangu yote." Alisema bila ukali, kama anayeeleza kwa nini chumvi imezidi. Akashika ukuta, akauachia upesi kwa kuwa ulikuwa wa moto. "Yule mzee amejua?"

"Nani?"

"Mzee Mbwambo. Amejua kwamba kulia palikuwa pamezibwa?"

"Anadhani alichelewa kuzunguka. Anadhani ni uzee."

Nakunda akatazama barabara. Nyumba yao ilikuwa kushoto, karibu, paa lake linaonekana. Nyumba ya Mzee Mbwambo ilikuwa ng'ambo ya reli, na kati ya hapo na reli hapakuwa na mti wala ukuta.

"Basi twende ukamwambie," akasema.

"Hana nafasi nyingine. Nikimwambia haitamsaidia kitu."

"Haitamsaidia."

"Na wewe huwezi kufika kule na jua hili."

Nakunda akavuta kanga juu ya kichwa, akatoka kwenye kivuli. Sefue akasimama kidogo peke yake ukutani, halafu akamfuata, na safari hii barabara ilikuwa pana kiasi cha kutembea sambamba, lakini alibaki hatua moja nyuma, akiutafuta mdomoni mwake mwanzo wa maneno atakayomwambia yule mzee, na kila alipoupata ulikuwa mkavu.